Kukumbuka Siku ya Ndoa: Je, Ni Israfu au Ni Haki?

Miongoni mwa maswali yanayoletwa na ndugu walioingia karibuni katika Islam, liko moja ambalo likitazamwa juujuu laonekana dogo, lakini likichimbwa mizizi yake hufika mbali. Swali lenyewe ni hili: Je, yafaa Mwislamu aikumbuke siku aliyofunga ndoa kwa kumchukua mkewe wakala chakula cha jioni katika hoteli? Au jambo hilo ni desturi ya watu wengine, na gharama yake ni israfu iliyokatazwa?

Katika chuo cha dini nifundishamo, huku ng'ambo, swali hili huulizwa na watu wa mataifa mbalimbali, na kisa chake huwa karibu kimoja. Mume amesilimu, mke bado anatazama. Miaka 10 ya ndoa yao inatimia, na mke aomba jambo moja tu, kwamba siku hiyo watoke wao wawili, waketi mahali pa heshima, wale pamoja bila ya yeye kushika mwiko. Mume hujibu kwa haraka: "Sisi Waislamu hatuna mambo hayo." Mke hunyamaza, na mume hudhani ameishinda hoja.

Namwomba msomaji akitazame kimya hicho cha mke. Ndani yake mna hukumu, wala si hukumu juu ya mume peke yake, bali juu ya dini aliyoifuata. Mke huyo hajasoma vitabu vyetu. Anachokisoma ni mumewe. Kama jambo la kwanza aliloliona dini ikilifanya nyumbani mwake ni kumnyang'anya furaha ndogo aliyokuwa nayo, basi ataijuaje kuwa ni dini ya rehema? Kwa hiyo swali hili si la sahani na vijiko. Yatupasa kulijibu kwa uangalifu.

Desturi na Ibada

Kwanza tuangalie hoja ya kwamba jambo hili limetoka kwa wageni. Ni kweli kwamba kuhesabu miaka ya ndoa na kuipa majina, kama vile kuuita mwaka wa 25 ndoa ya fedha na wa 50 ndoa ya dhahabu, ni desturi iliyozoeleka Ulaya, hasa katika nchi za Kijerumani, kisha ikaenea kwingineko. Ni kweli pia kwamba wafanyabiashara wameinenepesha. Mwaka 1922 mwandishi wa Marekani Emily Post alitoa kitabu chake cha adabu, ambamo aliitaja miaka michache tu iliyokuwa na zawadi zake maalumu. Mwaka 1937 chama cha wauza vito cha nchi hiyohiyo kikatoa orodha ndefu zaidi. Mwenye akili haoni taabu kufahamu kwa nini muuza vito apende siku za kukumbuka ndoa ziwe nyingi.

Lakini kitu kutoka kwa wageni hakukifanyi kuwa haramu. Wanazuoni wametenganisha mambo ya ibada na mambo ya ada. Katika ibada hatuna ruhusa ya kuongeza wala kupunguza. Tunasali kama tulivyofundishwa na tunafunga kama tulivyoamrishwa. Lakini katika ada, yaani mavazi, vyakula, vyombo na maamkiano, asili yake ni ruhusa mpaka uonekane ubaya ndani yake. Anayesema kwamba kula chakula na mkewe tarehe fulani ni ibada mpya, ametia ibada mahali ambapo hakuna aliyeitia. Na anayesema kwamba asiyefanya hivyo hampendi mkewe, huyo naye ameigeuza ada kuwa sheria na kuwatwika watu mzigo ambao Mwenyezi Mungu hakuwatwika. Wote wawili wamekosea.

Tena tarehe yenyewe haina utukufu. Mwaka wa Kiislamu hufuata mwezi, nao ni siku 354 au 355. Basi ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku 11 hivi. Mtu aliyetimiza miaka 32 ya ndoa kwa hesabu ya jua amekwisha timiza takriban miaka 33 kwa hesabu ya mwezi. Je, siku yake hasa ni ipi? Hii au ile? Jawabu ni kwamba siku ni chombo tu. Tuna Idi mbili, na hatuhitaji ya tatu. Ila chombo chaweza kutumika kwa kazi njema, na kazi yenyewe ndiyo tunayopaswa kuiuliza.

Ahadi Isiyofaa Kusahauliwa

Kurani Tukufu, katika Sura An-Nisaa, yaitaja ndoa kuwa ni ahadi imara ambayo wanawake wameichukua kwa waume zao. Na katika Sura Ar-Rum mapenzi na huruma baina ya mume na mke yametajwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi na kutofautiana kwa lugha na rangi za watu. Basi mtu atazamaye nyota akamkumbuka Muumba wake, mbona amtazame mkewe asikumbuke kitu?

Mtume Mtukufu s.a.w. alikaa na Bibi Khadija r.a. karibu miaka 25. Alipofariki Bibi Khadija, kumbukumbu yake haikufa pamoja naye. Imesimuliwa katika Hadithi sahihi kwamba Mtume alipochinja kondoo alikuwa akikata vipande vya nyama na kuvipeleka kwa marafiki wa Bibi Khadija. Siku moja dada yake Bibi Khadija, aitwaye Hala, alipobisha hodi, Mtume alisisimka kwa kuwa namna ile ya kuomba ruhusa ilimkumbusha mkewe.

Katika vita vya Badri, mwaka wa pili wa Hijra, mkwewe Mtume, Abul-As, ambaye wakati ule alikuwa bado hajasilimu, alitekwa. Mkewe Zainab, binti wa Mtume, alipeleka fidia kutoka Makka, na katika fidia hiyo mlikuwa na kidani ambacho mama yake Khadija alimpa siku ya harusi yake. Mtume alipokiona kidani kile alihuzunika sana, akawaomba masahaba wake kwamba, wakiona vema, wamwachie mateka yule na wamrudishie Zainab kidani chake. Nao wakakubali.

Tupime jambo hili. Jemadari ametoka vitani, mateka wako mbele yake, mali ya fidia inahesabiwa. Na kidani kimoja cha harusi chatosha kumrudisha kwenye miaka aliyoishi na mkewe. Hakuona aibu kwamba watu watauona moyo wake. Kwa hiyo asidhani mtu yeyote kwamba kumkumbuka mke kwa upole ni udhaifu, au kwamba ni jambo lililoletwa na Wazungu. Ila tazama pia kwamba Mtume hakungoja tarehe. Kumbukumbu yake ilikuwa katika nyama ya kila kondoo aliyechinjwa.

Swali la "Na Huyu?"

Sasa tuje kwenye chakula chenyewe. Neno restaurant, walitumialo Wazungu kwa mahali pa kula, asili yake ni Kifaransa na maana yake ni kitu kirudishacho nguvu; katika karne ya 18 mjini Paris lilikuwa jina la mchuzi uliouzwa kwa watu waliodhoofika, kisha likawa jina la nyumba ulimouzwa. Nasi tunacho kisa cha mchuzi kilicho cha kale zaidi, nacho kimo katika Sahihi Muslim.

Mtume s.a.w. alikuwa na jirani Mwajemi, hodari wa kupika mchuzi. Siku moja jirani huyo alipika, akaja kumwalika Mtume. Mtume akamwonyesha Bibi Aisha r.a., akauliza kama na yeye amealikwa. Jirani akasema hapana. Mtume naye akakataa kwenda. Jirani akarudi mara ya pili, mambo yakawa yaleyale. Mara ya tatu jirani akakubali, nao wakainuka wote wawili, wakaenda pamoja nyumbani kwake.

Mtume hakukataa mchuzi kwa sababu ya kiburi. Alikataa raha isiyomhusu mkewe. Kila mume na ajiulize swali lile la Mtume, "Na huyu?", kila aingiapo mahali pa kula. Maana tunawajua wanaume wengi, nao ni watu wa sala, ambao chai yao ya asubuhi ni hotelini, mchana wako hotelini, na jioni hukaa na rafiki zao mbele ya nyama ya kuchoma mpaka usiku. Tufanye hesabu. Mtu akitumia shilingi elfu mbili nje kwa siku, siku tano za juma, kwa majuma 50, kwa mwaka ametumia shilingi laki tano. Hakuna siku hata moja katika hizo aliyotajiwa israfu. Lakini mkewe akiomba shilingi elfu arobaini kwa jioni moja ya wao wawili, ambayo haifiki sehemu ya kumi ya zile, hapo ndipo aya ya israfu inapotolewa mfukoni. Aya hiyo ni ya kweli. Aliyeitoa ndiye ameitumia mahali pasipo pake.

Yupo pia anayezuia kwa kudhani kwamba kila kipatacho moyo wa mke kimepotea kwa Mungu. Huyu asome kisa cha Saad bin Abi Wakkas r.a. Alipougua Makka alitaka kuusia mali yake nyingi katika njia ya Mungu. Mtume akamfunga kwenye theluthi, akamfahamisha kwamba matumizi yake yote yanayokusudiwa radhi ya Mwenyezi Mungu yana thawabu, hata tonge amtiliayo mkewe kinywani. Na asome pia habari za Abu Dardai r.a., aliyekuwa akifunga mchana na kusali usiku mpaka mkewe akaacha kujipamba. Salman r.a. alimkanya kwamba mkewe naye ana haki juu yake. Habari ilipofika kwa Mtume, alisema kwamba Salman amesema kweli. Basi ikiwa ibada yenyewe haikukubaliwa kuwa udhuru wa kumsahau mke, uchoyo uliovikwa joho la ibada utakubaliwaje?

Wahenga walisema: kutoa ni moyo, usambe ni utajiri.

Mume wa Siku Moja

Lakini haitatufaa kuukosoa upande mmoja na kuunyamazia wa pili. Iko hatari nyingine, nayo katika zama zetu yaenea kwa kasi. Ni hatari ya mume wa siku moja.

Mtu huyu mwaka mzima hamsemeshi mkewe ila kwa amri. Siku ya kukumbuka ndoa ikifika hununua maua, huchagua hoteli ya gharama, hupiga picha kwa simu na kuzituma kwa watu mia, nao humsifu. Kesho yake ukali hurudi mahali pake. Chakula cha namna hii si kumbukumbu, ni rushwa. Na mpokea rushwa hapa ni mke aliyedhulumiwa, anayetakiwa atabasamu mbele ya picha ili dhuluma isionekane. Heri nyumba isiyojua tarehe ya ndoa yake, lakini wenyewe huamkiana kwa upole, kuliko nyumba yenye karamu moja na siku 364 za kiwewe. Haba na haba hujaza kibaba. Mapenzi nayo hayajazwi kwa siku moja.

Wengine hukopa ili wasionekane nyuma ya jirani. Islam imetupa kipimo cha katikati: matumizi yasiyokuwa ubadhirifu wala ubahili. Deni lililochukuliwa kwa ajili ya kujionyesha hutoka katika njia hiyo, na mke mwenye hekima hamsukumi mumewe huko. Kwa hiyo nasaha hii ni ya wote wawili. Mke asipime mapenzi ya mumewe kwa bei ya sahani, na mume naye asifiche uchoyo wake nyuma ya umaskini ambao hana. Pia Mwislamu hachagui mahali panapopitishwa pombe mezani, wala haachi sala ya Magharibi impite kwa sababu ya mezani. Na kwa kuwa Mtume ameilaumu karamu ya harusi ambayo matajiri huitwa na maskini huachwa, ni vizuri anayefurahia ndoa yake apeleke sahani moja kwa jirani mhitaji siku hiyohiyo.

Je, asiye na uwezo wa hoteli afanyeje? Aulize ni kitu gani hasa mke alichokiomba. Mara nyingi mke hakuomba hoteli, aliomba kuketi. Yeye ndiye apikaye mara 365 kwa mwaka, huwatilia wengine kabla yake, na hula chakula kikiwa kimepoa. Hoteli ina thamani moja kubwa, kwamba hapo ahudumiwa yeye. Lakini thamani hiyo yaweza kupatikana bila ya senti. Mume ashike sufuria, apike kadiri ajuavyo, atandike mkeka, amnawishe mkewe mikono na kumpakulia. Akiona haya, akumbuke kwamba Bibi Aisha r.a. alipoulizwa Mtume alifanya nini nyumbani, alijibu kwamba alikuwa akifanya kazi za kuwasaidia watu wa nyumbani mwake, na wakati wa sala ukifika hutoka kwenda kusali.

Siku ya Ndoa ni Siku ya Deni

Sasa tumefika kwenye kiini. Kukumbuka ahadi si kuifurahia tu. Mfanyabiashara akikumbuka siku aliyotia sahihi mkataba, hujiuliza pia: Je, nimelipa? Siku ya ndoa mume alisimama mbele ya mashahidi akakubali mambo, na la kwanza lililotajwa lilikuwa mahari. Kurani Tukufu imeamrisha wanawake wapewe mahari yao kwa moyo mkunjufu. Lakini wangapi wamelipa sehemu ndogo tu, nyingine wakaiahidi, na tangu hapo hawajaitaja tena? Miaka 10 yapita, 20 yapita, mke aona haya kudai, na mume huuita ukimya wake msamaha. Hasha! Ukimya wa mwenye haya si hati ya kufuta deni. Mume wa namna hii akimpeleka mkewe hotelini, anamlisha kwa fedha zake mwenyewe mke. Na aanze kwa kulipa mahari, au walau alipe sehemu na kuweka miadi ya iliyobaki. Hapana zawadi ya kumbukumbu ya ndoa iliyo bora kuliko hiyo.

Na yako madeni yasiyohesabika kwa fedha: ahadi ya kumpeleka mke kwa wazazi wake, ahadi ya kuacha neno fulani lenye kuumiza, ahadi ya kumfundisha kusoma. Mume na mke wakiketi pamoja siku hiyo, katika hoteli au juu ya mkeka, waulizane kwa upole: mwaka huu nimekukosea wapi? Ni lipi nililokuahidi ambalo bado hujalipata? Kisha waombeane dua. Mezani pa namna hii hata kikombe cha chai kina baraka. Na mezani pasipokuwa na hayo, hata chakula cha kifalme ni gharama tu.

Ama wale ndugu waliofunga ndoa kabla ya kusilimu, wasidhani kwamba miaka yao ya nyuma imefutika. Watu waliosilimu pamoja na wake zao zama za Mtume s.a.w. hawakuamrishwa kufunga ndoa upya, na Abul-As naye aliposilimu alirudi kwa Zainab wake. Basi ihesabu miaka yako yote. Na kama mke wako bado yu nje ya dini, jua kwamba hotuba yako ya kwanza kwake ni tabia yako, kwa kuwa Mtume Mtukufu ametufundisha kwamba mbora wetu ni yule aliye mbora kwa mkewe. Asiliambie kaburi lake kwamba tangu mumewe asilimu nyumba iliingia giza. Bali aseme: tangu asilimu, ameanza kuniuliza, na ameanza kulipa.

Jawabu la swali letu, kwa hiyo, ni hili. Kumwalika mkeo chakula siku ya kukumbuka ndoa si wajibu wala si haramu. Ni ada iliyo ruhusa, nayo huwa njema kwa nia njema, kwa fedha ya halali isiyo ya deni, mahali safi, bila ya kujionyesha, na baada ya haki kulipwa. Anayefanya kwa masharti hayo, tonge lake linaandikwa miongoni mwa sadaka zake. Asiyefanya hana dhambi, maadamu mkewe anajua kwa siku zote nyingine kwamba anakumbukwa. Lakini anayekataa kwa jina la dini, hali anajua kwamba ni kwa sababu ya uchoyo, huyo ameisingizia dini.

Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu ziwe mahali pa utulivu, atuwezeshe kutimiza ahadi tulizozifunga kwa jina Lake, na awafanye wake zetu na watoto wetu kuwa kiburudisho cha macho yetu. Amin.